Kikohozi cha kibarua ni hasara ya mwenye jengo

Msimu wa kununua pamba unapofunguliwa mwezi Mei, soko la Bariadi hubadilika sura. Fedha ya mkulima wa Dutwa, Lagangabilili au Mwanhuzi haikai mfukoni muda mrefu. Sehemu huenda kwenye madeni na ada za shule, sehemu kwenye ng'ombe, na sehemu nyingine huishia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Bati, saruji, nondo na misumari hutoka kwa kasi wakati wa kiangazi, kabla mvua hazijarudi. Wafanyabiashara wa mjini nao hutumia miezi hiyo hiyo kuinua fremu za maduka na nyumba za kupangisha. Hawakosei, kwani tangu Simiyu ilipomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu ya mkoa, mahitaji ya vyumba hayajapungua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 mkoani. Ile ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Wote hao wanahitaji paa.

Mwenye kujenga huwa anajua bei ya mfuko wa saruji dukani kwa leo na kwa juzi. Anajua lori moja la mchanga ni kiasi gani na fundi anadai nini kwa kila kozi ya tofali. Jambo moja tu haliandikwi katika daftari lake, nalo ni afya ya hao wanaobeba zege. Safu hii inaona kwamba pengo hilo ni la kibiashara kabla halijawa la huruma. Mtu mwenye mtaji wake katika jengo, awe mjenzi, mkopeshaji wa vifaa au mwanahisa mdogo, anapaswa kutenga fungu la kumlipa kibarua mwenye homa na kikohozi ili abaki nyumbani. Bila fungu hilo, ndoo za maji na barakoa ni mapambo.

Tulichojifunza 2020 na 2021

Mgonjwa wa kwanza wa ugonjwa wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, mkoani Arusha. Shule zilifungwa siku iliyofuata, na zote zilikuwa zimefunguliwa kufikia Juni 29 mwaka huo. Shughuli za uchumi hazikufungwa. Agosti 2020 maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, hapa hapa Bariadi. Mafundi waliendelea kupanda majukwaa, masoko yaliendelea kufunguliwa, na wengi wanakumbuka nyungu zilizochemshwa majumbani.

Wapo wanaosema kwamba huo ni ushahidi tosha kuwa ujenzi hauhitaji kinga yoyote, kwa vile hatukufunga na majengo yalisimama. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kibarua anayekula kwa kipato cha siku asingeweza kufungiwa ndani kwa miezi bila kufa njaa. Lakini takwimu za taifa za mwisho kabla ya kimya kirefu zilikuwa za mwisho wa Aprili 2020, zikionyesha wagonjwa 480. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo hapakuwa na hesabu iliyotangazwa kwa utaratibu. Mfanyabiashara anafahamu vizuri maana ya duka ambalo mwenyewe hakuhesabu mali yake. Hawezi kusema hakuibiwa; anachoweza kusema ni kwamba hakuhesabu.

Sera ilibadilika mwaka 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 akazindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Septemba mwaka huo Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dharura wa dola milioni 567.25 kwa Tanzania. Fedha hizo, takriban shilingi trilioni 1.3, ndizo zilizogeuka kuwa Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliozinduliwa Oktoba 10, 2021, mjini Dodoma. Sehemu yake kubwa ilikuwa ujenzi wa madarasa 15,000 nchi nzima, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi vya shule za msingi, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Yalitakiwa yawe tayari kwa wanafunzi wa Januari 2022.

Msomaji aitazame hali hiyo kwa jicho la soko. Fedha zilizokopwa kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukiza zilimwagwa vijijini kwa njia ya fosi akaunti. Kamati za shule zilinunua vifaa na kuajiri mafundi wa jirani, kazi ikaenda mbio kwa miezi isiyozidi mitatu. Lengo lilikuwa zuri na halina ubishi, kwani darasa lenye nafasi humpunguzia mtoto msongamano. Lakini yule aliyelijenga darasa hilo alifanya kazi kwa haraka, bega kwa bega na wenzake, wakati ugonjwa wenyewe bado ulikuwa unazunguka. Kinga yake ilitegemea busara ya msimamizi wa eneo hilo, kwa sababu kibarua wa mkataba wa mdomo hana mahali pengine pa kudai.

Hatari haiko juu ya jukwaa

Ili tusitupe fedha mahali pasipofaa, ni vizuri kujua kirusi cha namna hii kinapita wapi. Korona, kama mafua makali, husafiri zaidi kwa hewa tunayopumua, tunayoitoa tukizungumza, kukohoa na kupiga kelele. Hewa ikiwa inapita, hutawanyika. Hewa ikifungiwa, hukaa na kungoja pua ya mwingine. Mikono na vikombe vina nafasi yao, lakini ni ya pili.

Kwa mantiki hiyo, fundi anayejenga ukuta juani hayuko katika hatari kubwa. Jengo lisilo na madirisha wala paa ni mahali salama kuliko ofisi nyingi za mjini. Hatari huanza pale milango na madirisha yanapofungwa na kazi kuhamia ndani: kupiga lipu, kuweka dari, kukata vigae, kupaka rangi. Wakati huo vyumba vina vumbi, redio iko juu, watu wanapaza sauti ili wasikilizane, na dirisha limefungwa ili upepo usiharibu rangi.

Mahali pa pili ni pa kulala. Mafundi wanaokuja Bariadi kutoka Mwanza, Shinyanga au Maswa kwa kazi ya wiki tatu hawapangi chumba. Hulala stoo, kati ya mifuko ya saruji, wanane au kumi katika chumba kimoja chenye mlango mmoja uliofungwa kwa kuogopa wezi. Usiku mmoja humo ni sawa na siku nyingi za jukwaani. Mahali pa tatu ni gari la kufunga vioo linalowachukua asubuhi, na la nne ni kibanda cha mamantilie mvua inaponyesha.

Nchi za wenzetu zimeonyesha jambo hili waziwazi. Uganda, ilipofunga shughuli mwishoni mwa Machi 2020, iliruhusu viwanda na maeneo ya ujenzi kuendelea kwa sharti kwamba wafanyakazi walale hapo hapo kazini. Wazo lilikuwa kuwatenga na maambukizo ya mitaani. Lakini kulala pamoja ni kisu chenye makali pande zote mbili. Singapore ilikuwa na wafanyakazi wa kigeni zaidi ya 300,000, wengi wao wa ujenzi, waliokuwa wakiishi katika mabweni yenye msongamano. Kufikia Desemba 2020 serikali ya huko ilieleza kwamba karibu nusu yao walikuwa wameambukizwa. Waliokufa walikuwa wachache, kwa sababu wengi walikuwa vijana, lakini miradi mingi ilisimama kwa miezi. Nchi tajiri, yenye hospitali za kila aina, ilishikwa na chumba cha kulala cha kibarua.

Kwa nini mgonjwa huja kazini

Mafundi wetu wana msemo: zege halilali. Ukishachanganya, lazima limwagwe siku hiyo hiyo. Siku ya kumwaga lenta au jamvi kila mkono unahitajika, na atakayekosekana atapewa mwingine nafasi yake. Saidia fundi anayelipwa jioni akiamka na homa huwa na hesabu moja tu kichwani, nayo ni kwamba asipokwenda, watoto hawali. Atameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, atakwenda, atakohoa. Hakuna bango la afya litakalomshinda hesabu hiyo.

Sheria ipo, ila inamruka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Hata hivyo haki za likizo katika sheria hiyo kwa kawaida zinamhusu aliyefanya kazi kwa zaidi ya miezi sita. Kibarua wa jengo la wiki nane hafiki huko, labda awe anarudi kwa mwajiri yule yule na siku zake zikajumlishwa, jambo ambalo bila daftari la mahudhurio haliwezi kuthibitishwa.

Aidha, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao hulipa anayeumia au kuugua kutokana na kazi. Taasisi hizo ni muhimu, na mwenye kuajiri asizikwepe. Lakini fidia huja baada ya tukio, na kuthibitisha kwamba kirusi kilipatikana saiti na si sokoni au kanisani si kazi nyepesi. Kinachohitajika asubuhi ile ya homa ni kitu cha haraka zaidi: ahadi ya mwenye kazi kwamba akibaki nyumbani hatalala njaa.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano, na kila msomaji aweke bei zake. Mfanyabiashara anajenga fremu sita za maduka kwa mkopo wa shilingi milioni 15 wenye riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Anatarajia kila fremu imwingizie 80,000 kwa mwezi. Ana mafundi wawili kwa 25,000 kwa siku na saidia fundi wanane kwa 10,000.

Ugonjwa ukienea na kazi ikachelewa kwa wiki mbili, mambo matatu hayasubiri. Riba ya siku 14 ni takriban 103,500. Kodi aliyoikosa kwa fremu sita katika siku hizo ni 224,000. Mlinzi wa usiku kwa 5,000 ni 70,000. Jumla inakaribia 398,000, kabla hatujahesabu saruji iliyoganda kwa unyevu wala mpangaji aliyechoka kusubiri akaenda kwingine.

Sasa upande wa pili. Fundi mmoja na saidia fundi mmoja wanaugua, nao wanabaki nyumbani siku tano kwa nusu ya ujira: 87,500. Sabuni, ndoo mbili za koki na barakoa nzito za kuzuia vumbi tuzikadirie 60,000. Jumla ni 147,500. Hata akiwalipa ujira kamili, jumla ni 235,000. Bado amebaki na zaidi ya 160,000 mkononi kuliko yule aliyekaa kimya.

Atakayesema kwamba si kila kikohozi husimamisha jengo anasema kweli. Lakini posho ya ugonjwa hailipwi mpaka mtu augue. Mwaka usio na ugonjwa fungu hilo hubaki lako. Ni bima ambayo mwenyewe ndiye kampuni.

Hofu ya kudanganywa

Pingamizi kubwa tunalolisikia kwa wenye majengo ni kwamba vibarua watajifanya wagonjwa. Hofu hiyo ina msingi, maana binadamu ni binadamu, lakini dawa yake si ngumu. Weka kikomo cha siku, mathalani tano kwa kila jengo. Anza na nusu ujira, ili mzima aone faida ya kuja kazini. Siku ya kwanza iamuliwe na fundi mkuu, ambaye anamjua mtu wake. Kuanzia siku ya tatu idaiwe karatasi ya zahanati. Na jina liandikwe. Kundi la mafundi huchaguana lenyewe, na mwenye tabia ya uongo hujulikana mapema kuliko mwenye jengo anavyodhani.

Pingamizi la pili ni kwamba mambo hayo ni ya miradi mikubwa. Ni kweli kuwa miradi mikubwa hulazimishwa na wafadhili wake. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilitoa mwongozo kuhusu kazi za ujenzi wakati wa korona, ukigusa malazi, msongamano na namna ya kumshughulikia mfanyakazi mgonjwa. Mkoani kwetu mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria, ulioidhinishwa mwaka 2017 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi kwa kushirikiana na benki ya KfW ya Ujerumani, ni wa aina hiyo. Lakini mafundi ni wale wale. Leo yuko kwenye kambi ya mkandarasi, kesho yuko kwenye fremu za mfanyabiashara wa Somanda, kesho kutwa yuko kwenye choo cha shule. Kinga ikiishia kwenye geti la mradi mkubwa, kirusi hakitahitaji kibali kutoka nje.

Nani afanye nini

Mwenye jengo aandike mambo manne kwenye makubaliano na fundi mkuu, hata kama ni ukurasa mmoja wa daftari uliotiwa sahihi na wote wawili. Kwanza, posho ya ugonjwa na kikomo chake. Pili, watu wasiozidi wanne katika chumba kimoja cha kulala, na dirisha liwe na wavu wa chuma ili libaki wazi usiku bila kuogopa wezi. Tatu, kazi za ndani zipangwe kwa zamu, chumba kwa chumba, madirisha yakiwa wazi, na barakoa nzito kwa anayekata vigae au kupiga msasa. Barakoa hiyo ina faida mbili, maana vumbi la saruji na mawe huharibu mapafu hata mwaka ambao hakuna kirusi. Nne, maji na sabuni viwe hapo kabla ya chakula.

Muuza vifaa naye ana nafasi. Anayekopesha saruji na bati hadi jengo likamilike ni mwekezaji, atake asitake. Kabla ya kukopesha huuliza kama kiwanja kina hati. Aulize pia mafundi wanalala wapi. Jengo likisimama, deni lake ndilo la mwisho kulipwa.

Mwenye hisa chache za kiwanda cha saruji kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam huenda akaona haya ni ya mbali naye. Asisahau kwamba gawio lake hutokana na mifuko inayofunguliwa, na mifuko hufunguliwa na watu wenye pumzi. Katika mkutano mkuu wa mwaka anayo haki ya kuuliza kampuni yake inawalindaje wapakiaji na madereva.

Halmashauri nazo, zinapotoa fedha za fosi akaunti, ziweke mstari mmoja wa posho ya ugonjwa katika makadirio ya kila darasa na kila zahanati. Hata asilimia moja ya darasa la milioni 20 ni shilingi 200,000. Kiasi hicho kinatosha kumlaza nyumbani saidia fundi mmoja kwa siku 20, kwa ujira wa mfano wetu.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona Mei 5, 2023. Halikutangaza mwisho wa virusi. Mafua yapo kila mwaka, korona yenyewe haijaondoka, na kingine kitakuja bila kutoa taarifa kwa msimamizi wa jengo. Wakati wa kujiandaa ni huu, ambapo hakuna hofu na bei ya sabuni haijapanda.

Wenye maduka huandika ukutani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msimu huu, mwenye kufungua daftari la ujenzi aandike saruji, aandike nondo, aandike mchanga na kokoto. Kisha, kabla hajapiga mstari wa jumla, aandike posho ya fundi mgonjwa.